Kabla ya kuja Ujerumani kusomea uuguzi, pesa zako zipeleke kwenye lugha

Habari zenu ndugu zangu wa Kisumu, Mombasa, Arusha na popote mnaponitazamia. Ndio nimetoka zamu ya asubuhi, na leo naongea na wewe unayejiandaa kuja huku kusomea uuguzi, hasa wewe ambaye nyumbani wameshaanza mazungumzo ya kuuza kipande cha shamba.

Msiuze shamba. Mafunzo haya, hiyo Ausbildung mnayoisikia, ni miaka 3, na anayelipwa ni mwanafunzi. Kwenye hospitali za umma mwaka wa kwanza unapata zaidi ya yuro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Sasa wakala akikudai pesa nyingi akutafutie nafasi, jiulize anakuuzia nini, maana hospitali na nyumba za wazee zinatangaza nafasi kwenye tovuti zao na unaomba mwenyewe. Ulicho nacho kitie kwenye Kijerumani.

Nasisitiza lugha kwa sababu najua kinachotokea wodini. Saa 12 asubuhi tunapokezana zamu. Mwenzako amekesha, anataka akalale, anaongea mbio: mzee wa chumba cha 4 jana hakunywa maji ya kutosha, usiku sukari ilishuka, kisigino cha kushoto kimeanza kuwa chekundu. Hilo la kisigino likikupita, mguu hauinuliwi, na siku chache baadaye mzee wa watu ana kidonda cha kulalia ambacho kinaweza kuchukua miezi kupona. Kuna shule zinazokupokea na B1, yaani ngazi ya kati ya Kijerumani, lakini jitahidi ufike B2, ngazi inayofuata juu yake, kabla ya kupanda ndege. Na usisomee mtihani tu. Sikiliza redio ya Kijerumani ukiwa unapika, zoeza sikio, kwa sababu wazee wengi wanaongea lahaja za kwao na wengine hawana meno.

Halafu kuna kuogesha. Kwetu mgonjwa akilazwa, binti au shangazi ndiye anayemwosha na kumletea uji. Huku ni kazi ya muuguzi. Unamgusisha maji kwanza akuambie kama yana joto analolitaka, unaanza na uso bila sabuni, unamfunika taulo pale usipoosha, na muda wote macho yako yako kwenye ngozi yake. Mimi naipenda sana kazi hii, maana hapo ndipo mgonjwa anakwambia kinachomuuma. Lakini si kila mtu anaiweza. Kajitolee kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu nawe wiki kadhaa, ujipime ukiwa bado nyumbani. Miezi 6 ya kwanza huku ni ya majaribio, mkataba unaweza kuvunjwa, na kibali chako cha kukaa kimeshikwa na mkataba huo.

Na wewe ambaye tayari ni muuguzi uliyesajiliwa, Kenya au Tanzania, usikubali kurudishwa mwaka wa kwanza. Yako ni njia ya kutambuliwa kwa vyeti: wanalinganisha ulichosoma na cha huku, na wakiona pengo unafanya mafunzo ya nyongeza au mtihani. Watataka orodha ya masomo yako yenye idadi ya saa za darasani na za wodini, ikiwa na muhuri wa chuo. Kaifuate wiki hii. Wakikuzungusha, kaa hapo ofisini kwa msajili mpaka wakupe.