Mapacha Hawangojei Mwezi wa Tisa

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Na nyinyi kina baba mliokaa kule nyuma, sogeeni, kwa maana mara nyingi neno la mwisho kuhusu safari hutoka kwenu.

Kurwa na Doto twawapokea kwa vigelegele hapa Amu (Lamu), na ni haki yao. Nilokuja kusema ni kwamba mimba yao haihesabiwi kama ya mtoto mmoja. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Wakiwa watatu, ni karibu wote. Sasa wewe uko Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, umepanga kuja mjini mimba ikifika mwezi wa tisa. Uchungu ukushike wa nane, usiku, maji yamekupwa, boti haipiti Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Nahodha azunguke nje ya Manda kwenye bahari kuu, na ni msimu wa kusi, bahari imechafuka! Ndiyo maana nawaomba: mwenye mapacha, akifika wiki ya 32, ahamie kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Uchungu ukianza mapema hivyo, kuna sindano ya kusaidia mapafu ya watoto, lakini yataka idungwe kabla hawajatoka.

Mwenye mapacha damu humpungua kwa urahisi, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu msiviache. Presha nayo huwapata wenye mapacha mara mbili hadi tatu zaidi ya wenye mtoto mmoja. Kichwa kikiuma bila kuachia, macho yakiingia kiwi, uso ukivimba, usingoje asubuhi. Kifafa cha mimba, yaani degedege la presha hiyo, hakibishi hodi.

Hapa nataka kukaa kidogo. Watoto wote wawili wakishatoka salama, nyumba nzima hushangilia, wakadhani kazi imekwisha. Mkunga ndipo huweka mkono tumboni kwa mama. Mfuko wa uzazi uliobeba wawili umetanuka mno, huchoka, husahau kukaza. Usipokaza, mishipa iliyokuwa imeshika kondo hubaki wazi, na damu hutoka kwa kasi ambayo leso hazizuii. Sindano ya kukaza mfuko yaweza kuokoa maisha, na wakati mwingine damu ya kuongezwa. Vitu hivyo haviko chumbani kwa nyanya yako, hata awe hodari vipi.

Niliwahi kumpokea mama aliyezaa Kurwa nyumbani, na hakuna aliyejua kama yuko Doto. Doto alikuwa amekingama, mkono umetangulia. Walifika kwetu saa kadhaa baadaye. Mama tulimpata. Doto hatukumpata. Alikuwa amekwenda kliniki mara mbili na hakuna aliyemtuma kupiga picha ya tumbo (ultrasound). Bado laniuma.

Shirika la Afya Duniani lasema kila mjamzito apigwe picha moja kabla ya wiki 24. Kwa mapacha ni bora kabla ya wiki 14, maana ndipo huonekana vizuri kama kila mmoja ana kondo lake au washiriki moja. Katika kila mimba 100 za wanaoshiriki, kama 10 hadi 15 damu ya mmoja hukimbilia kwa mwenzake. Huyu akakonda, yule akafurika. Wanaoshiriki wote huangaliwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Ulizeni neno hilo: kondo ni moja au mawili?

Dada pale ameuliza kama ni kweli mtoto wa miezi saba hupona na wa minane haponi. Si kweli, mwanangu. Kila wiki azidiyo tumboni ni faida kwake. Na akizaliwa mdogo, mvishe kofia na nepi tu, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, ukazie leso. Njia hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipopungukiwa na mashine za joto. Kurwa na Doto hukaa pamoja kifua kimoja. Mama akitaka kulala, baba avue shati, afungwe leso yeye.