Wachina na mpira wa meza: najibu leo, na msinielewe vibaya

Nawasalimu kutoka huku China ninakoishi, wote mnaonitazama, mlioko Dar, Mombasa, Bujumbura, Muscat na kwingineko. Leo sitembei sokoni, nimekaa chini. Kuna swali moja haliishi. Hata video ya bei za vitenge, ukishuka kwenye maoni unamkuta mtu: hawa Wachina kwenye mpira wa meza wana siri gani? Wengine wanahitimisha kabisa kwamba wamezaliwa nao. Nikinyamaza naambiwa naringa, nikijibu naambiwa nawapigia debe kwa sababu nakula kwao. Jamani, simpigii mtu debe. Nitataja miaka na majina, na walipokosea nitasema pia.

Hesabu kwanza. Mchezo huu uliingia Olimpiki Seoul mwaka 1988. Tangu hapo hadi Paris 2024 zimetolewa dhahabu 42, na China imechukua 37. Tano zilizowaponyoka zinajulikana: Korea Kusini mbili mwaka 1988, Jan-Ove Waldner wa Sweden 1992, Ryu Seung-min wa Korea Kusini 2004, na Wajapani Mizutani na Ito kwenye wawili wawili mchanganyiko, Tokyo. Basi.

Sasa hilo la kuzaliwa nao. Miaka ya 1930 wafalme wa mchezo huu walikuwa Wahungaria. Viktor Barna alichukua ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja mara tano. Mwaka 1952 kule Bombay, Mjapani Hiroji Satoh akaja na raketi yenye sponji nene. Mpira ukawa hausikiki ukigongwa, wapinzani wakashindwa kuusoma, akashinda. China haikuwepo hata kwenye picha. Mashindano yao ya kwanza ya dunia yalikuwa Bucharest, 1953.

Na kwa nini mchezo huu hasa? Hapa wengi hawafiki. Shirikisho la dunia la mpira wa meza lilikuwa miongoni mwa machache yaliyoikubali Beijing wakati ule, huku mengine yakivutana kuhusu nani aiwakilishe China, Beijing au Taiwan. Mlango mmoja umefunguliwa, nchi nzima ikaelekeza nguvu pale. Halafu angalia gharama: meza unaijenga kwa saruji kwenye uwanja wa shule, wavu unapanga matofali, watoto arobaini wanapokezana.

Mwaka 1959 mjini Dortmund, Rong Guotuan, kijana wa Hong Kong aliyehamia Guangzhou, akamshinda Mhungaria Ferenc Sidó kwenye fainali. Huyo ndiye bingwa wa kwanza wa dunia wa China katika mchezo wowote ule. Lakini kinachonivutia zaidi ni walichofanya baada ya hapo. Walikusanya wachezaji 108 kutoka mikoani, wakawaweka kambini Beijing kujiandaa na mashindano ya 1961. Wajapani walikuwa wamebuni pigo jipya la kuufyagia mpira kutoka chini kwenda juu, unazunguka kwa nguvu kuelekea mbele, ukigusa raketi yako unaruka juu kama umeteleza. Baadhi ya wale 108 wakapewa kazi ya kuacha mchezo wao na kucheza Kijapani kila siku, ili wenzao wazoee. Watu wale waliutoa mchezo wao wenyewe sadaka. Beijing, 1961, China ikaifunga Japani 5 kwa 3 kwenye fainali ya timu za wanaume, na Zhuang Zedong akaanza mfululizo wa mataji matatu: 1961, 1963, 1965.

Kuiga adui mpaka leo ndiyo roho ya mfumo wao. Ukitokea duniani mchezaji anayesumbua, kambini anatafutwa mtu wa kumwigiza, mtindo wake, hata aina ya raba anayobandika kwenye raketi. Sisi tukifungwa tunalaumu refa.

Anayesema nawasifu tu asikilize na hili. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni hawakwenda mashindano ya dunia ya 1967 wala ya 1969. Rong Guotuan, pamoja na makocha Fu Qifang na Jiang Yongning, waliteswa kwa tuhuma na wote watatu wakajitoa uhai mwaka 1968. Mtu aliyewapa taji la kwanza! Na mwaka 1987 kule New Delhi, He Zhili aliagizwa amwachie mwenzake mechi ya nusu fainali. Akakataa, akacheza, akatwaa ubingwa wa dunia, kisha akaachwa nje ya timu ya Olimpiki ya 1988. Alihamia Japani, na mwaka 1994 kwenye Michezo ya Asia Hiroshima akamfunga nyota wa China Deng Yaping, yeye mwenyewe akiwa na jezi ya Japani. Kwa hiyo mkisema ni mfumo, ni kweli, ila mfumo huo umewala watu.

Habari ya 1971, timu ya Marekani ilipoalikwa China, mnaijua, naiacha.

Mashindano ya dunia ya 1981, Novi Sad kule Yugoslavia, China ilibeba mataji yote saba. Sehemu ya ujanja ilikuwa kwenye raketi. Upande mmoja raba ya kawaida, upande wa pili raba isiyozungusha au inayorudisha mzunguko kinyume, zote rangi moja. Mchezaji anaigeuza raketi mkononi, wewe hujui umepigwa na upande gani. Shirikisho likadai rangi tofauti, na kufikia 1986 ikawa lazima nyekundu na nyeusi. Siku hizi rangi nyingine zinaruhusiwa, ila upande mmoja lazima ubaki mweusi.

Ujanja huo ulipofungwa, na Wasweden wakaja na mapigo makali pande zote mbili za mkono, Wachina walianguka vibaya. Mashindano ya dunia ya Dortmund 1989, fainali ya timu za wanaume: Sweden 5, China 0. Mwaka 1991 wanaume wa China walimaliza wa saba duniani. Kasoro ilionekana wazi: wengi walishika raketi kama kalamu na kutumia uso mmoja tu, hivyo upande wa bekihendi (pigo la mgongo wa mkono) walibaki kusukuma mpira. Chini ya kocha Cai Zhenhua, dawa ikawa kubandika raba nyuma ya raketi ya mshiko wa kalamu na kupigia uso huo wa nyuma. Liu Guoliang ndiye aliyeonyesha inawezekana, na baadaye Wang Hao akaifanya silaha kuu. Tianjin 1995, mataji saba tena.

Toka hapo sheria zimebadilika mfululizo. Mpira ulitoka milimita 38 kwenda 40 mwaka 2000, seti zikatoka pointi 21 hadi 11 mwaka 2001, kuficha mpira wakati wa kuanzisha kukapigwa marufuku 2002, gundi yenye kemikali za kuongeza kasi ikafuata 2008, na mpira wa plastiki ukaja 2014. Kila mara watu walisema sasa Wachina basi. Kila mara walizoea mapema kuliko wengine, maana wana watu wengi wa kujaribia.

Kwa makocha wa nyumbani, zoezi lao kubwa halihitaji pesa nyingi. Ndoo ya mipira mia moja, kocha anarusha mfululizo bila kungoja urudi: mmoja bekihendi, mmoja katikati, mmoja fohendi (pigo la upande wa kiganja) ya mbali. Kosa ninaloliona kwenye video mnazonitumia ni kurusha haraka mno. Mtoto anaacha kusogeza miguu, anabaki kunyoosha mkono, na umemfundisha ubovu mara mia kwa dakika chache. Punguza kasi mpaka miguu ifike kabla ya mkono. Na kuanzisha mpira afanye mwenyewe kila siku: kiganja wazi, mpira urushwe juu sentimita 16 au zaidi, vinginevyo refa anakata.

Raba. Hii inaniuma, kwa sababu watu wanatapeliwa. Raba za Hurricane 3 za kampuni ya Kichina DHS zina toleo la kawaida, la mkoa na la taifa, na bei zinapishana sana. Anayewauzia "ya taifa" kwa bei ya kawaida anawadanganya. Tena si ya anayeanza. Inanata na sponji yake ni ngumu, bila mkono wenye kasi mpira unaishia wavuni. Pwani vumbi linakaa juu yake upesi: futa kwa sponji yenye maji kidogo, ikikauka funika kwa karatasi ya nailoni. Kabla ya kulipia tafuta nembo ya ITTF (lile shirikisho la dunia) kwenye raba, bila hiyo mashindano rasmi hawakupokei, na unene pamoja na sponji na gundi usizidi milimita 4.

Kumleta mtoto huku? Haya ni maoni yangu, kila familia na hali yake. Masomo ya zaidi ya siku 180 yanataka viza ya X1, na akishaingia ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Wazazi wengi wanahesabu ada na tiketi, wanasahau kwamba shule itamdai mtoto mlezi aliyepo hapa hapa China. Ningekuwa na fedha hiyo, ningenunua meza nne na kumlipa kocha nyumbani.

Na kaka aliyeuliza kuhusu kuchonga meza kwa fundi: urefu mita 2.74, upana mita 1.525, kimo sentimita 76, wavu sentimita 15.25. Usikubali mbao nyembamba. Dondosha mpira kutoka sentimita 30 juu ya meza, lazima udunde kama sentimita 23, na udunde sawa kila kona. Ukizama mahali, mrudishie fundi kabla hujamalizia malipo.