Kubadilisha Pedi za Breki Nyumbani: Zichunguzeni Kwanza Zilizokwisha

Mabibi na mabwana, ndugu wamiliki wa magari,

Pedi hizi mbili nilizoshika zimetoka kwenye gurudumu moja, la mbele kushoto, la Toyota Corolla. Ya upande wa nje bado ina unene wa milimita sita; ya ndani, inayosukumwa na pistoni, imebakiwa na milimita mbili, tena imelika mshazari hadi upande wake mmoja umekaribia bati la chuma lililo mgongoni mwake. Zilifungwa siku moja na zikatembea kilomita zilezile. Mwenye gari angeweza kuzitupa, akafunga mpya, kisha baada ya muda mfupi akarudi dukani kununua nyingine na kumlaumu muuza spea, ilhali kilichozila ni pini ya kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi, iliyoshikwa na kutu.

Naomba nilieleze jambo hili kwa utulivu, kwa sababu ndilo linalorukwa mara nyingi. Katika magari mengi madogo tunayotumia, kalipa ya mbele ina pistoni upande mmoja tu. Unapokanyaga breki, pistoni huisukuma pedi ya ndani hadi iguse diski, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, halafu kalipa yenyewe huteleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje ije kubana kutoka upande wa pili. Pini zikikauka grisi au mpira wake ukipasuka na kuingiza maji, kalipa haitelezi tena, na pedi ya ndani hubaki ikifanya kazi karibu peke yake. Kwa hiyo, anayebadilisha pedi bila kuzichomoa pini hizo, kuzisafisha na kuzipaka grisi ya silikoni amefanya nusu ya kazi. Grisi ya kawaida haifai hapo, kwani huvimbisha mpira.

Kufungua si kugumu. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, breki ya mkono ivutwe, na nati zilegezwe kabla ya kuinua kwa jeki. Nawasihi sana msiegemeze gari juu ya tofali: tofali hupasuka ghafla, bila dalili. Tumieni stendi ya chuma. Kalipa ikishafunguliwa, ifungeni kwa waya kwenye springi. Msiiache ining'inie kwa bomba la mpira linalopitisha mafuta ya breki. Fanyeni gurudumu moja kwanza, ili la pili libaki kuwa kielelezo mkisahau kibati kilikaa wapi, lakini pedi za kushoto na kulia zibadilishwe siku hiyohiyo, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Vumbi lile jeusi msilipulize kwa upepo wa kompresa, kwa maana baadhi ya pedi, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu. Lifuteni kwa kitambaa kibichi.

Kabla ya kuirudisha pistoni ndani kwa klempu, angalieni kopo la mafuta ya breki. Pedi zikiisha, kiwango cha mafuta hushuka, na wengi huongeza bila kujiuliza yamekwenda wapi. Pistoni ikirudishwa, mafuta hayo hupanda, humwagika na kubabua rangi ya gari. Diski nayo ipimwe: unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida umechongwa juu yake, na ikiwa imeshapungua kuliko hapo, kuikereza hakusaidii, inunuliwe nyingine.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Miaka mingi iliyopita nilimaliza kazi hii vizuri, nikakaza kila kitu, nikawasha gari na kurudi nyuma. Nilipokanyaga breki, pedeli ilizama hadi chini bila kushika, na gari likasimamishwa na ukuta wa uzio. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku ile siwashi gari kabla ya kupampu pedeli polepole mara nyingi hadi iwe ngumu chini ya mguu, kwa sababu pistoni iliyorudishwa ndani huacha nafasi ambayo lazima ijazwe kwanza. Pedeli ikiendelea kuwa laini kama sifongo, kuna upepo ndani ya mabomba ya breki, na gari lisitoke uani.

Kwa wale mnaoshuka mlima Kitonga, kutoka Iringa kwenda Mikumi, nyongeza moja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu, na mvuke ukijaa kwenye mabomba, pedi mpya hazitawasaidia. Badilisheni mafuta kila baada ya miaka miwili, na mteremkoni tumieni gia nzito.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa. Tafuteni barabara tupu, mwende kilomita 50 kwa saa, mpunguze taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, mrudie mara kumi hivi mkiacha breki zipoe katikati. Mkifika nyumbani, sogezeni kiganja karibu na rimu ya kila gurudumu la mbele bila kuigusa. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake, kuna kalipa ambayo bado haitelezi sawasawa, lifungueni tena.