Shomoro Kichwa-kijivu na Shomoro Mswahili

Walimu wangu, wazee wetu na ndugu zangu wa Moshi, nawashukuru kwa kuja kusikiliza habari za ndege tuliyemzoea mno hata hatumtazami.

Shomoro Kichwa-kijivu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Passer griseus, alielezwa kwanza na Mfaransa Vieillot, mtaalamu wa ndege, mwaka 1817, naye huenea kuanzia Senegal hadi Ethiopia na kushuka mpaka Tanzania. Shomoro Mswahili, Passer suahelicus, alielezwa na Mjerumani Reichenow mwaka 1904, na makazi yake ni kusini mwa Kenya na hapa kwetu Tanzania. Kwa muda mrefu huyu wa pili alihesabiwa kuwa nususpishi tu, yaani tawi dogo ndani ya spishi ya yule wa kwanza. Shomoro wa mjini, ambaye dume lake lina koo jeusi na ambaye aliletwa Afrika Mashariki na watu, namweka kando, kwa sababu hafanani nao kiasi cha kutusumbua.

Hawa wawili ndio wanaosumbua. Wote wana kichwa cha kijivu kisicho na mistari, kiuno cha rangi ya kutu na baka dogo jeupe bawani, tena dume na jike huvaa sare moja. Mimi mwenyewe nilikosea kwa miaka kadhaa, kila kichwa cha kijivu nikikiandika daftarini kuwa ni griseus, kwa kuwa nilikuwa nikitazama kichwa peke yake.

Pa kutazama ni pale shingo inapokutana na mgongo. Kwa Kichwa-kijivu, kijivu hukoma ghafla kama ukingo wa kofia, kisha mgongo wa hudhurungi yenye wekundu huanza, na koo lake ni jeupe kuliko kifua. Kwa Mswahili hakuna ukingo: kijivu huteremka mgongoni kikififia, hata usiweze kuonyesha kwa kidole mahali kilipoishia. Rangi ya mdomo isiwashawishi, maana kwa wote wawili huwa mweusi wakati wa kuzaliana na kupauka baadaye.

Asubuhi ya leo mmoja alitua ukutani karibu na kibanda cha chai, akanielekezea kifua huku akidonoa makombo ya chapati. Nilishusha darubini nikasubiri. Alipogeuka, kijivu kilikuwa kimeshuka hadi mabegani bila mpaka wowote, nami nikaandika: Mswahili.