Daraja la Wami na maswali yanayotangulia mchoro

Shikamooni wazee wangu. Waheshimiwa madiwani mliofunga safari alfajiri yote hii, na nyie vijana wa uhandisi mliojaza viti vya nyuma, nawasalimu.

Nimeombwa nieleze namna tunavyochagua cha kujenga pale barabara kuu inapozidiwa au daraja linapochoka. Mada ni pana. Nitaibana kwenye mto mmoja, Wami, halafu tutatoka hapo kidogo kidogo.

Mliowahi kupanda basi la Tanga, Moshi au Arusha kabla ya mwaka 2022 kuisha mnalikumbuka daraja la zamani. Lilijengwa 1959, urefu wake mita 88.75, njia moja tu. Ukitoka Chalinze barabara inaanza kuporomoka kuelekea bondeni, dereva anashusha gia, abiria wanapunguza maneno. Chini kule mnakuta foleni: malori ya upande wa Segera yanapita, nyie mnasubiri. Utingo anaruka chini na kipande cha gogo, anakikaza nyuma ya tairi. Harufu ya breki zilizochemka inaingia madirishani. Zamu yenu ikifika mnavuka mara moja, kisha shida inahamia upande wa pili, kwenye kupanda, nyuma ya semitrela inayotambaa kama konokono.

Sasa nawauliza kama ninavyowauliza wanafunzi wangu: pale ugonjwa ulikuwa nini? Wengi mtasema daraja lilikuwa jembamba. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya jibu. Tuzipitie pamoja njia ambazo mhandisi yeyote angeziweka mezani.

Ya kwanza ni kuliacha daraja lilipo na kuliimarisha. Hiyo inaongeza umri wa daraja, foleni inabaki palepale. Ya pili, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa ni rahisi, ni kujenga daraja jingine la njia moja ubavuni mwa lile, moja la kwenda na moja la kurudi. Foleni inakwisha. Lakini fikirini kinachofuata: milima miwili iko palepale, na gari lililokuwa likifika chini polepole kwa sababu linajua kuna foleni, sasa linafika na kasi yake yote. Mmeondoa kero mkaongeza hatari. Ya tatu ni kuchimba milima ili mteremko ulegee. Hapo mnahamisha udongo mwingi mno, mnaacha kuta za udongo zitakazoporomoka kila masika, na bado bonde ni bonde.

Ya nne ni kuacha kushuka kabisa. Barabara inatoka bega moja la bonde na kutua bega la pili, mto unabaki chini peke yake. Ndicho kilichojengwa. Daraja jipya lina urefu wa mita 510 na upana wa mita 11.85, pamoja na barabara unganishi za kilomita 3.8. Linganisheni: daraja limerefuka karibu mara sita, na mto haukupanuka hata hatua moja. Zile mita 400 na ushei zilizoongezeka hazikununuliwa kwa ajili ya maji. Zimenunuliwa ili kuukwepa mteremko. Ukilipita leo hushushi gia, na mtoto aliyelala hana sababu ya kuamka.

Naomba hili lichukueni kwa uzito, kwa sababu ndilo lililonileta. Daraja huamuliwa na mambo yaliyo nje ya daraja: mlima unaolitangulia, maji yatakayokuja mwaka usiotarajiwa, mzigo ulio juu ya ekseli, ule mtaimbo unaoshika magurudumu, na nyumba ya mtu iliyo kando ya lami. Yote hayo hupimwa wakati wa upembuzi yakinifu, ule uchunguzi wa awali wa mradi, kabla mkandarasi hajapatikana, wakati ambapo kubadili mawazo ni kufuta mstari na kuchora mwingine. Na huo ndio wakati tunaouharakisha kuliko wote.

Niseme kidogo juu ya ujenzi wenyewe, maana vijana watauliza. Juu ya mto wenye mamba na viboko, unaofurika masika, huwezi kujaza bonde zima miti ya kushikilia zege mpaka ikauke. Kwa hiyo unasimamisha nguzo, na kutoka kichwani mwa kila nguzo unamimina mhimili kipande kwa kipande, kimoja kushoto na mwenzake kulia, kwa zamu. Ni kama mchukuzi wa maji mwenye mzega begani: debe la huku lisipolingana na la kule, mti unapinduka. Vipande hivyo vinanyooshana hadi vinakutana angani katikati, na nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege ndizo zinazovibana visifunguke. Njia ya ujenzi nayo ni sehemu ya uchaguzi. Daraja zuri kwenye karatasi lisilojengeka katika miezi ya kiangazi mliyonayo, hilo si chaguo.

Tuje kwenye maji. Mhandisi akikwambia daraja limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 100, diwani anasikia kwamba mafuriko hayo yatakuja baada ya miaka 100, na yeye atakuwa ameshapumzika kaburini. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 katika 100 ya kuyapata, mwaka huu, na mwakani tena. Daraja likiishi miaka 50, nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja ni karibu 40 katika 100. Mkibana fedha mkachagua mafuriko ya miaka 25, ndani ya miaka hiyohiyo 50 nafasi inakuwa 87 katika 100. Hapo tayari mmeshakubali kwamba litafunikwa, kilichobaki ni tarehe.

Nilipokuwa kijana niliwekwa kusimamia ujenzi wa kivuko cha barabara juu ya mto mmoja mdogo kwenye barabara ya mkoa. Mahali sitapataja. Usanifu ulisema tuta la udongo na makalavati matatu ya mduara, yaani mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara. Mzee mmoja wa pale alinishika mkono akanipeleka kwenye mwembe, akanionyesha gome lililolika kwa kamba, usawa wa kifua changu. Akasema, mwanangu, mwaka wa El Nino mtumbwi tuliufunga hapa. Mwembe ulikuwa mita kama 60 kutoka ukingoni, na gome lile lilikuwa juu kuliko tuta letu. Nilikiandika kipimo kwenye daftari. Sikukipeleka kwa yeyote mwenye uwezo wa kubadili mchoro, kwa sababu mchoro ulishasainiwa na mimi nilikuwa mdogo.

Masika ya pili maji yalikuja na magogo na mafungu ya matete. Kalavati la mduara ni kama koo, likinasa kitu kimoja hufunga. Yote matatu yalifunga kabla ya adhuhuri. Maji yakapanda juu ya tuta, na tazameni yanavyofanya: hayali upande yanakotokea, yanaanza upande wa pili yanakoangukia. Yanachimba mguu wa tuta, lami inabaki inaning'inia kama ulimi, kisha inakatika. Jioni barabara ilikuwa mbili, na katikati mto.

Kivuko kile kilikuwa na njia nyingine mbili. Moja ni daraja fupi la uwazi mmoja mpana, ambalo gogo lingepita bila kugusa. Nyingine ni drifti, sakafu ya zege iliyolala chini ambayo maji yanapita juu yake mara chache kwa mwaka, magari yanasubiri saa chache, kisha maisha yanaendelea. Kwa magari machache ya barabara ile, drifti ingetosha kabisa. Watu hawaipendi kwa sababu haionekani kama maendeleo. Mimi naiheshimu sana.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu ya kusini, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga na kwingineko. Siku kadhaa mikoa miwili ilikaa bila njia ya moja kwa moja ya lami kwenda Dar es Salaam. Hapo drifti haina nafasi, kwa kuwa barabara inayobeba riziki ya mikoa miwili haiwezi kusubiri maji yapungue. Kwa barabara kama hiyo swali linakuwa: uwazi wa kupitishia maji unatosha? Tuta limevishwa mawe upande wa kushukia? Na likikatika hapa, gari litazungukia wapi? Hilo la mwisho linasahaulika sana. Daraja moja imara kwenye barabara isiyo na mbadala ni dhaifu kuliko linavyoonekana.

Tena kuna adui asiyeonekana. Mto ukifurika huchimba shimo kuzunguka mguu wa nguzo, na maji yakipungua mchanga unarudi kulifukia. Ukienda kukagua wiki inayofuata unakuta kitanda cha mto kimetandikwa vizuri, unaandika "hali nzuri", kumbe ule ni mchanga mlegevu tu. Kwa hiyo ukaguzi wa maana unapima wakati wa mafuriko yenyewe, au angalau unachoma chuma kuona mchanga mgumu unaanzia wapi. Na nyie madiwani, malori yanayochota mchanga chini ya madaraja ya kata zenu yanafanya kazi ya mafuriko katikati ya kiangazi. Yazuieni.

Dar es Salaam wanaijua Jangwani. Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Morogoro inafungwa pale. Ni rahisi kusema inueni barabara. Lakini Msimbazi unaleta mchanga kutoka juu, vilima vya Pugu na vitongoji vilivyojengwa bila mitaro, unaumwaga Jangwani mahali mteremko unapokufa. Kitanda cha mto kinapanda. Ukiinua daraja bila kugusa huko juu, unashindana mbio na mchanga, na mchanga hauchoki. Ndiyo maana nafurahi kwamba daraja jipya la pale limewekwa ndani ya mradi wa bonde zima la Msimbazi, badala ya kusimama peke yake.

Uzito nitaupitia haraka. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ekseli moja yenye matairi pacha haizidi tani 10, na gari zima halizidi tani 56. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa barabara yanapanda takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo: mzigo ukiwa mara 1.2, madhara ni 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 haidhuru asilimia 20 zaidi, inadhuru mara mbili. Kwa hiyo mizani inayofanya kazi kwa uaminifu ni chaguo la kihandisi sawa na unene wa lami, na gharama yake ni ndogo kuliko safu mpya.

Nimebakiza watu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Mmeona alama za X kwenye kuta. Nyekundu ni aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, huyo halipwi fidia. Ya kijani ni aliyekutwa na hifadhi mpya, huyo analipwa. Mama mmoja aliniuliza, "Baba, hii yangu ni kijani au ni bluu?" Rangi ilikuwa imefifia. Alikuwa amekaa na alama ile miaka, hapaki rangi nyumba, haongezi chumba, hapangishi. Hilo ni tatizo la upangaji, na sisi tulio na kalamu tunahusika. Mstari wa katikati ukisogezwa mita 7 upande wenye mashamba, wakati bado ni mchoro, unaweza kuokoa safu nzima ya nyumba na makaburi ya ukoo. Ukigundua baada ya zabuni, mkandarasi anadai fedha kwa kila siku anayosubiri.

Hata pale jibu linapokuwa kubwa na la wazi, hesabu ni ileile. Kigongo na Busisi, kule Ghuba ya Mwanza, watu walivuka kwa kivuko cha majini, yaani feri, na ungeweza kusubiri saa nzima au mbili. Daraja la kilomita 3 lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Kuongeza vivuko kungegharimu kidogo sana. Lakini kivuko kina ratiba, na uchungu wa mama mjamzito hauna. Katika upembuzi, saa za watu lazima ziandikwe kwa tarakimu karibu na bei ya zege, la sivyo bei ya zege itashinda kila mara.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Waheshimiwa, nawaomba jambo moja kabla ya masika. Kila mmoja aende kwenye daraja au kalavati kubwa la kata yake, ashushe kamba yenye jiwe kutoka ukingoni hadi kwenye mchanga, apime, aandike kwenye daftari la kata pamoja na tarehe. Apake mistari ya rangi nyeupe kwenye nguzo kila nusu mita, na ampe kazi kijana anayeishi jirani aandike maji yalipofika kila mvua kubwa. Baada ya miaka 3 mhandisi akija kwenu na mchoro, mtamfungulia daftari hilo kabla hajafungua lake.

Karibuni maswali.