Bustani ya Mungu kwa Misimu Miwili: Safari ya Kitulo, Tukuyu na Matema

ATUPELE: Mugonile, wasikilizaji! Mimi ni Atupele, na mwenzangu hapa, mtu wa Pwani, amerudi tena Mbeya.

SHAIBU: Ndaga, dada Atu. Nimejifunza hilo moja tu.

ATUPELE: Linatosha kununulia ndizi. Haya, tueleze. Mara ya kwanza ulikwenda Agosti.

SHAIBU: Agosti, kwa sababu kila mtu aliniambia nende kiangazi, barabara kavu. Pale Chimala tukaacha lami, tukaipanda Hamsini na Saba.

ATUPELE: Kwa wasioijua: ni kona 57 za kupandia mlima kwenda Matamba. Watu wamezihesabu, jina likabaki hilohilo.

SHAIBU: Mimi niliacha kuhesabu kwenye 20, tumbo lilikuwa halinitaki. Tukafika Kitulo, ile hifadhi ya maua. Nimesikia miaka yote kwamba ile ni Bustani ya Mungu. Dada, niliona majani ya rangi ya kahawia mpaka upeo wa macho! Asubuhi nyasi zimepauka kwa barafu. Nimevaa kanzu ndani ya koti, na bado natetemeka.

ATUPELE: Koti la Dar hilo. Kitulo ni zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na wewe umekwenda wakati wa kipupwe.

SHAIBU: Nikajisemea nimetapeliwa. Hifadhi ya maua isiyo na ua!

ATUPELE: Maua yalikuwepo, ulikuwa unayakanyaga. Okidi, ndiyo maua yenyewe ya Kitulo, nyingi za kule kiangazi hunyauka juu, zinabaki viazi vidogo ardhini zikisubiri mvua. Ndiyo maana zilikuwa zinaibwa. Watu walikuwa wanachimba vile viazi, vinavushwa kwenda Zambia kutengenezea chikanda. Wanavitwanga, wanachanganya na karanga, wanapika, kinakatwa vipande kama keki. Ile biashara ilichangia sana eneo lile kufanywa hifadhi ya taifa, 2005.

SHAIBU: Kwa hiyo ua linachimbwa kabla halijachanua tena.

ATUPELE: Halafu wewe unauliza maua yako wapi.

SHAIBU: Basi nikarudi Februari. Na hapa nilikosea tena, kwa sababu kichwani nina kalenda ya Pwani: vuli imeisha, masika bado, Februari kukavu.

ATUPELE: (anacheka) Kule kwetu hakuna hizo habari za vuli. Mvua inaanza Novemba, inakwenda mpaka Mei. Tukuyu ndiyo usiseme, tunafua nguo kwa imani.

SHAIBU: Safari hii tulianza na Tukuyu, kutokea Uyole. Nikataka kupanda Ngosi, ule mlima wenye ziwa la volkano juu. Njia ya msituni ni utelezi mtupu, kijana aliyetuongoza alinikatia fimbo ya mwanzi, na bado nilikaa chini mara tatu bila kupenda. Tukafika ukingoni: ukungu mweupe. Ziwa liko chini yetu, tunalisikia kwa masimulizi.

ATUPELE: Agosti uliliona?

SHAIBU: Agosti niliona lote, kijani, limekaa kimya chini ya kuta za msitu. Wanasema lina umbo la ramani ya Afrika. Mimi niliiona Afrika upande mmoja, kwingine ilibidi niyasaidie macho kidogo.

ATUPELE: Na Daraja la Mungu?

SHAIBU: Hapo Februari ilishinda. Kiangazi unaliona daraja lenyewe vizuri, lile jiwe la volkano lililopinda juu ya mto Kiwira, maji chini yametulia. Unapiga picha, unaondoka. Februari mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unasukuma chini ya lile jiwe mpaka unajiuliza limesimamaje. Kijungu, kwenye mto huohuo, ndiyo kabisa: maji yanaingia kwenye shimo la mwamba, yanazunguka, yanatoa povu kama sufuria ya ugali inayochemka. Nilisimama mbali.

ATUPELE: Vizuri. Mwamba ukilowa hauna mzaha.

SHAIBU: Tukashuka Matema, joto, Ziwa Nyasa tulivu. Agosti upepo wa mwera ulikuwa unaleta mawimbi mpaka nikadhani nimerudi Bahari ya Hindi. Nikanunua chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa kando ya ziwa, kikubwa, chembamba, kina nakshi shingoni.

ATUPELE: Halafu ukakipandisha Kitulo?

SHAIBU: Kwenye buti, juu ya tairi la akiba. Kwenye Hamsini na Saba gari likakwama, matope mpaka nusu ya tairi. Vijana wanne wakatokea na jembe na magunia matupu, wanatandika chini ya magurudumu, wanasukuma, linatoka kwa kuruka. Saa mbili zilipotea pale.

ATUPELE: Na juu?

SHAIBU: Juu sikuongea. Njano, zambarau, nyeupe, mengine madogo kama ukucha, lazima upige magoti. Wanasema zipo aina 45 za okidi, mimi nilitofautisha labda sita. Suruali ililowa yote.

ATUPELE: Kwa hiyo mtu akikuuliza aende lini?

SHAIBU: Ngosi Agosti, Kitulo Februari. Akitaka vyote kwa safari moja, ajaribu Mei mwishoni, ila maua yatakuwa yanaaga.

ATUPELE: Na kile chungu?

SHAIBU: Nusu ipo jikoni. Mama watoto ameoteshea kitunguu.