Abiria Wengi, Fedha kwa Nani? Mhadhara kuhusu Biashara ya Meli za Kitalii Duniani

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie mwenendo wa abiria katika meli za kitalii duniani pamoja na faida ya kiuchumi inayotokana nao. Nitaanza na takwimu, kwa kuwa ndizo zinazotangazwa zaidi, kisha nitaeleza kwa nini naona kwamba idadi ya abiria, hata iwe kubwa namna gani, ni kipimo hafifu cha manufaa ambayo mji wa bandari unayapata.

Biashara hii ilizaliwa kutokana na kufa kwa nyingine. Ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki kwa ratiba mwaka 1958, meli zilizokuwa zikisafirisha watu kati ya Ulaya na Marekani zilianza kupoteza wateja, na katika miaka michache hapakuwa tena na sababu ya mtu mwenye haraka kukaa baharini kwa siku nyingi. Waliobaki katika shughuli hiyo walilazimika kuuza safari yenyewe badala ya kuuza mwisho wa safari. Kampuni ya Norwegian ilianza mwaka 1966, Royal Caribbean mwaka 1968 na Carnival mwaka 1972, zote zikiitazama Karibiani kutokea Florida. Meli ya kwanza ya Carnival, Mardi Gras, ilikwama kwenye mchanga nje ya Miami katika safari yake ya kwanza kabisa. Leo kampuni hiyo ndiyo mama wa kundi kubwa kuliko yote katika biashara hii.

Mwaka 1990 abiria wa meli za kitalii za baharini hawakufika milioni 4. Kwa hesabu za CLIA, chama cha kampuni za meli hizo, walifika milioni 29.7 mwaka 2019. Kisha likaja janga la UVIKO-19. Mwezi Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini huko Yokohama, Japani, ikiwa na abiria na wafanyakazi 3,711, na zaidi ya 700 kati yao wakaambukizwa. Katikati ya mwezi Machi mamlaka za afya za Marekani zilizuia safari zote katika bandari za nchi hiyo. Idadi ya abiria wa mwaka huo haikufika milioni 6, na ya mwaka 2021 haikufika milioni 5. Wengi walidhani kwamba biashara hii isingeinuka. Kumbe mwaka 2023 abiria walikuwa milioni 31.7, na mwaka 2024 wakawa milioni 34.6.

Kuinuka huko kulikuwa na gharama. Mwezi Aprili 2020 Carnival ilikopa dola bilioni 4 kwa riba ya asilimia 11.5, jambo ambalo kampuni ya hadhi yake isingelikubali mwaka mmoja kabla, na baadaye deni lake lote lilipita dola bilioni 30. Meli kadhaa ambazo bado zingeweza kufanya kazi zilipelekwa Aliağa, Uturuki, zikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Deni hilo ndilo linaloeleza mengi tunayoyaona sasa: kampuni inayodaiwa hivyo haiwezi kuridhika na kuijaza meli tu, bali ni lazima imfanye kila abiria atumie fedha nyingi zaidi akiwa ndani ya mikono yake.

Hapo ndipo ukubwa wa meli unapoingia. Icon of the Seas, iliyoundwa Turku nchini Finland na kuanza kazi Januari 2024, ina tani 248,663 za ujazo na inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 pamoja na wafanyakazi 2,350. Ukubwa huo hupunguza gharama ya kila abiria, kwani nahodha ni yule yule mmoja, lakini pia hutoa nafasi ya mabwawa, kumbi za maonyesho, kasino, maduka na migahawa ya kulipia. Takriban theluthi moja ya mapato ya kampuni kubwa hutokana na matumizi ya ndani ya meli, si nauli. (Niseme kwa pembeni kwamba hesabu ya kujaa kwa meli huwachanganya wengi: kila chumba huhesabiwa kuwa na watu wawili, hivyo watoto wakilala vitanda vya tatu na vya nne, meli hutangazwa kuwa imejaa kwa zaidi ya asilimia 100 bila mtu yeyote kulala sitahani.)

Tugeukie uchumi. CLIA inasema kwamba mwaka 2023 sekta hii ilichangia dola bilioni 168.6 katika uchumi wa dunia na kutegemeza ajira milioni 1.6. Sina sababu ya kuzikanusha takwimu hizo, lakini msikilizaji makini akumbuke kwamba zimetolewa na chama cha wenye meli, na kwamba ndani yake mna mzunguko wote wa fedha, kuanzia chuma cha kiwandani hadi mshahara ambao mfanyakazi wa bandari anautumia dukani. Jumla ya namna hiyo haituambii fedha zimebaki wapi.

Zinabaki kwanza mahali meli zinapoundwa. Karibu meli zote kubwa za kitalii hutoka katika viwanda vichache vya Ulaya: Fincantieri ya Italia, Chantiers de l'Atlantique ya Saint-Nazaire nchini Ufaransa, na viwanda vya Meyer vilivyoko Papenburg, Ujerumani, na Turku. Uzito wa viwanda hivyo ulionekana mwaka 2024, pale serikali ya Ujerumani na jimbo la Niedersachsen zilipochukua sehemu kubwa ya hisa za Meyer Werft ili kisifilisike.

Zinabaki pia katika bandari ambako safari huanzia na kuishia. Meli hufunga gati alfajiri. Maelfu ya abiria hushuka na mizigo yao, vyumba vyote husafishwa, malori hupakua vyakula, vinywaji na vipuri, mafuta hujazwa, na alasiri abiria wapya huwa wamekwisha kupanda. Abiria hao wengi wamekuja kwa ndege, wamelala hotelini usiku mmoja, wamepanda teksi. Miami, Port Canaveral na Port Everglades, zote za Florida, zimejengeka juu ya kazi hiyo.

Bandari ya kupitia tu haina bahati hiyo. Abiria ameshakula, kitanda chake kimo melini, na saa ya kurudi imeandikwa. Matembezi mengi ya nchi kavu ameyanunua ndani ya meli, na kampuni imekata sehemu yake kabla ya kumlipa mwenye basi. Muda ndio unaoamua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazizuia meli zenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za nchi hiyo bila kupitia nchi nyingine, na kwa kuwa meli hizi hupeperusha bendera za Bahamas, Panama, Malta na kwingineko, zile zinazotoka Seattle kwenda Alaska hulazimika kutia nanga Kanada. Nyingi huchagua Victoria, tena mara nyingi jioni na kwa saa chache. Katika takwimu abiria huyo anahesabika sawasawa na aliyeshinda mjini kutwa nzima.

Juneau, makao makuu ya Alaska, inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni mji wa watu wapatao 32,000, hauunganishwi kwa barabara na mji mwingine wowote, na kwa msimu mmoja hupokea abiria zaidi ya milioni 1.6. Kwa mwenye duka, huo ndio mwaka mzima wa biashara. Kwa mkazi wa kando ya mji, ni foleni ya mabasi na kelele za helikopta zinazopeleka watalii kwenye barafu. Mji ulikubaliana na kampuni kwamba kuanzia 2024 zisiingie zaidi ya meli kubwa tano kwa siku, kisha ukaafikiana nazo juu ya ukomo wa idadi ya abiria wa kila siku kuanzia 2026. Hata hivyo, wapiga kura walipoulizwa mwaka 2024 kama meli kubwa zipigwe marufuku siku za Jumamosi, walikataa. Mimi sioni unafiki katika kura hiyo. Naona watu wanaojua ni nani anayelipa mishahara yao.

Miji mingine imechukua njia tofauti. Huko Venice, Italia, meli kubwa zilizuiwa kupita katika mfereji wa Giudecca mwaka 2021. Ugiriki ilianza Julai 2025 kutoza euro 20 kwa kila abiria anayeshuka katika visiwa vya Santorini au Mykonos wakati wa kilele cha msimu. Meksiko ilipendekeza dola 42, kampuni zikapinga, na mwishowe ikaanza na dola 5 zitakazopanda hatua kwa hatua hadi dola 21. Tofauti hiyo kati ya 42 na 5 inatuonyesha mizani ya nguvu: meli inaweza kubadili njia, gati haliwezi kuhama.

Na kampuni zinazidi kujijengea bandari zake. Royal Caribbean ilikigeuza kisiwa cha CocoCay huko Bahamas mwaka 2019 kuwa mahali pa starehe pa abiria wake, na Carnival ikafungua Celebration Key, Grand Bahama, Julai 2025. Humo sehemu kubwa ya baa, maduka na viti vya ufukweni ni ya mwenye meli, ingawa takwimu za utalii bado humhesabu abiria kuwa mgeni wa Bahamas. Serikali ya nchi hiyo imelitambua hilo: kodi ya kuondoka, kwa viwango vilivyoanza 2024, ni kubwa kidogo kwa abiria anayeshuka visiwa binafsi pekee kuliko kwa anayeshuka Nassau au Freeport, na hulipwa kwa kila kichwa, awe amenunua kitu au hakununua.